Mkojo Uliochujwa kwa Melimeli

Mama,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Yako anaijua Mola, nami kila nikimaliza kuswali namuomba akulaze pema. Yangu mimi ni ya wasiwasi, na ndiyo sababu nimepanda chumbani kwako alasiri hii, naandika juu ya kifuniko cha sanduku lako la nguo. Mbarak yuko chini. Namsikiliza. Akikohoa nasimamisha kalamu, akinyamaza pia nasimamisha. Mwanao ana maumivu ya kiuno, Mama, yale yale ya kwako, upande ule ule wa kushoto. Juzi alinipa mkojo wake nimpimie, na mkojo wenyewe hauna ukungu wala chembe, kama maji ya kunywa.

Mtu mwingine angefurahi. Mimi tangu juzi chakula hakipiti. Acha nianze mbali kidogo, maana kuna jambo nimelificha miezi minane sasa, tangu ulipotuacha, na siwezi kumwambia mtu yeyote kabla sijakwambia wewe.

Nilikuita Mama tangu siku niliyoingizwa nyumba hii, ingawa wewe ni mavyaa wangu, na mama aliyenizaa yuko Majengo, mzima, anakaanga viazi karai mlangoni pake kila jioni. Mwanzoni hukunitaka. Sina kinyongo, nasema tu lilivyokuwa. Ulitaka mke wa mwanao atoke Kibokoni au Kuze, mtu ambaye nyanya yake mlisoma chuo kimoja, na badala yake Mbarak akakuletea Mishi, Mdigo wa Majengo, tena mfanyakazi wa maabara. Siku moja uliwaambia wageni wako, nami niko jikoni nasikia, "Mwanangu kaoa mpima mikojo." Wakacheka. Na mimi nilicheka huko huko jikoni, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu ulilisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kubali.

Ukanizoea. Uliposhikwa na malaria nikakutoboa kidole hapa hapa kitandani, ukanipa mkono huku umegeuza uso ukutani kama mwari. Wiki ile ile nikasikia unawaambia wageni wale wale kwamba mkaza mwanao ana mkono mwepesi. Tangu hapo damu yako ulinipa bila maneno. Mkojo ulikuwa kitu kingine. Mkojo ni najisi, na mama mtu mzima wa Mji wa Kale hampi mke wa mwanawe najisi yake aibebe kwenye mkoba. Nilikuomba siku mbili. Kiuno kilikuwa kinakukata mpaka huwezi kurukuu, nawe unasema ni joto. Siku ya tatu nikakuta kichupa mezani, umekifunika kitambaa cha kufuma kama unavyofunika gilasi ya sharubati. Ukasema, "Haya, chukua. Lakini usiutezame sana."

Nilikwenda nacho kazini nikitabasamu njia nzima. Nilipokifungua nikasikia harufu ya ubani. Ulikuwa umekifukiza kichupa cha mkojo, Mama, kama mtungi wa maji ya kunywa. Nikauzungusha kwenye mashine, chini hapakubaki kitu. Nikauchemsha, nikatia tone la asidi, ukaingia ukungu mwembamba sana, wa kumlazimisha mtu kuuona. Nikaandika: safi. Jioni nikakusomea jibu na wewe ukaniambia, "Nalikwambia ni joto."

Miezi mitano baadaye ukashikwa na homa ya kutetemeka, na mkojo ukakatika kabisa. Eksirei ikaonyesha figo ya kulia ilikwisha nywea zamani bila mtu kujua, na ya kushoto, ambayo ndiyo uliyokuwa ukiishi nayo, jiwe limeziba mlango wake. Walilitoa. Ulikaa siku tatu. Siku ya tatu uliuliza kama maji ya mfereji yamekuja nyumbani, nikakwambia yamekuja, na hayakuwa yamekuja. Hilo pia nisamehe.

Aliporudi mazikoni, mwanao aliniambia neno moja. Alikuwa anavua viatu mlangoni, hakuniangalia. "Si ulipima wewe?" Basi. Hajalirudia tena mpaka leo. Ni mtu mpole, wamjua, hapigi kelele hata darasani kwake Tononoka, na watoto wa siku hizi wanavyojua kumchosha mwalimu. Lakini neno lile linakaa nasi mezani. Nikimpakulia wali nalisikia. Nikivaa koti langu jeupe asubuhi naona anageuka kutazama dirishani.

Sasa nifike kwenye siri. Siku ya khitma ya arubaini, jirani yako Bi Rukia alinisaidia kuosha masinia uani. Akaanza kukusifu huku analia, jinsi ulivyokuwa mtu wa usafi. Akasema, "Hata ule mkojo alokupa kupima, mwanangu, hakukupa hivi hivi. Aliuacha ukatulia usiku kucha, asubuhi akamimina wa juu, kisha akauchuja kwa kitambaa cha melimeli, mara mbili. Melimeli yangu, alikuja mwenyewe kuniomba. Akanambia, mkaza mwana hapelekewi matope." Nililiacha sinia langu likazama ndani ya maji ya sabuni. Bi Rukia aliendelea kusugua sinia. Alidhani ananipa zawadi.

Uliuchuja kama tui la nazi, Mama. Kichujio pekee ambacho hukukitumia ni kifumbu. Na vile vilivyobaki kwenye kitambaa na chini ya chombo ukavimwaga bafuni, ukamwagia maji ya kisima juu yake, ukapumua. Vitu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikivitafuta.

Nilimwomba Bi Rukia asimwambie mtu, akaahidi. Nami sikumwambia mwanao. Ningeweza. Ningesema maneno kumi tu, na lile neno lake la mlangoni lingeondoka mezani kwetu siku hiyo hiyo. Lakini ningemwambia nini? Kwamba mamake alikufa kwa sababu ya adabu yake? Nikaona bora nibebe mimi, ambaye kazi yangu ni kubeba uchafu wa watu.

Ila sikuweza kutulia. Daktari wa figo anayeshuka kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi aliona ninavyomuuliza maswali, akaniletea kurasa alizotumiwa kwa faksi, nyingine zimefifia mpaka nikazisomea juani barazani. Nimezisoma mpaka zimechanika mikunjoni. Kumbe mkojo wa kila mtu, hata wa mtoto mchanga, una protini kidogo. Si ile ya ugonjwa tuliyofundishwa kuitafuta kwa moto na asidi. Hii figo yenyewe huitengeneza na kuimwaga humo makusudi. Chembe za chumvi zinapoanza kuganda kwenye mkojo, protini hii huzivisha moja moja, zisishikane, zisinate kwenye kuta za mirija, zikatoka zao bila mwenyewe kujua. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyosalimika kila siku bila kushukuru. Lakini protini hiyo hiyo, mkojo ukiwa mchache na mkali, au ikiwa imeumbwa tofauti kidogo, kama inavyotokea katika baadhi ya koo, hujisokota ikawa nyuzi na ute. Hapo badala ya kuzitenga chembe, huzikusanya. Inakuwa gundi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana, lini ni mlinzi na lini ni adui. Nilipofika hapo kwenye "baadhi ya koo" niliiweka karatasi chini nikaenda kumtazama mjukuu wako Aisha alikolala na mdoli wake. Wiki nzima nilimuuliza kama kiuno chamuuma, mpaka akaanza kunijibu kabla sijauliza.

Nilifanya jambo jingine, na hili nalisema kwa haya. Lile jiwe walilotukabidhi hospitali nililihifadhi. Lina miiba, rangi ya tende kavu. Nilivunja kipande kidogo, nikakiweka kwenye asidi maabara, nikasubiri. Chumvi yote ikayeyuka. Kikabaki kitu chepesi kinachoelea, laini, chenye umbo lile lile la kipande, na miiba yake yote, ila hakina ugumu wowote. Hiyo ndiyo protini yenyewe, imo ndani ya jiwe tabaka kwa tabaka. Niliinama pale mezani nikalia, wenzangu wakadhani asidi imenirukia machoni. Kitu kile kilitoka katika mwili wako, kiliumbwa kukulinda, na nilikuwa nimekishika kwenye kioo kidogo nisijue nikizike au nikimwage. Nilikizika, Mama. Kwenye chungu cha mrihani wako, ambao bado uko hai, namwagilia mimi.

Sasa Mbarak.

Kiuno kilimwanza baada ya mfungo. Aliniambia ni kiti cha shuleni. Kisha nikamuona anafunga kamba za viatu amesimama, mguu juu ya ngazi, kwa sababu hawezi kuinama. Wamjua mwanao na maji. Vyoo vya walimu ni vibovu, kwa hiyo toka asubuhi hanywi kitu mpaka arudi nyumbani, na chumba chake cha darasa ni cha mabati. Miaka kumi na mbili amekuwa akifunga saumu ambayo Mungu hakumwandikia. Nikimwambia kunywa, anasema, "Mishi, usinifanye mgonjwa." Wiki iliyopita alitoka bafuni uso umemtoka jasho, amejishika upande, akaniambia amekanyaga sabuni.

Nikamuomba mkojo. Nilijitayarisha kumuomba siku tatu kama wewe. Akanipa kesho yake asubuhi, kabla hata ya chai, akakimbilia kazini. Haukunuka ubani. Lakini ulikuwa mwangavu, Mama, mwangavu usio na kitu, na mkojo wa asubuhi wa mtu asiyekunywa maji haukai hivyo. Nilijipa moyo. Labda alikunywa jagi zima alfajiri kunifurahisha. Labda ni kweli ni kiti cha shule. Niliuzungusha mara tatu kwenye mashine, chini hakuna kitu. Mwenzangu akaniambia, "Si ni safi? Andika." Sikuandika. Niliweka kalamu mfukoni nikatoka, nikatembea mpaka Mwembe Tayari, nikasimama katikati ya wauza machungwa bila kujua nimefuata nini.

Kwa sababu nilikwisha wahi kuandika safi, Mama. Hapa ndipo penye uzito, na ndipo ninapokwepa tangu mwanzo wa barua hii.

Nilijua. Siku ile ya kichupa chako, nilijua. Si yote, sikujua habari ya melimeli, lakini niliposikia ule ubani nilielewa kwamba kichupa kile kimetengenezwa kabla ya kunifikia. Na mkojo wa mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye kiuno kinachomkata hauwi vile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Angekuwa mgonjwa mwingine, mtu wa Changamwe nisiyemjua, ningemrudisha na kichupa kipya na maneno makali kidogo. Lakini ulikuwa wewe. Ningekuuliza vipi, "Mama, umeufanya nini mkojo wako?" Ulikuwa umeanza kunipenda. Nilikuwa na miaka tisa nyumbani kwako na ndiyo kwanza unaniita mwanangu. Nikaogopa kukuaibisha, na nikaogopa zaidi kurudi kuwa mpima mikojo. Basi nikaandika safi.

Kwa hiyo Mbarak hakunionea aliposema lile neno. Nimelibeba kana kwamba namlindia mamake heshima, na kumbe nilikuwa najilindia yangu. Miezi minane nimejiona mwema. Sasa naogopa, kwa sababu nikimuuliza mwanao alichoufanya mkojo wake ni lazima nimwambie ulivyoufanya wewe wako, na nikisema lako sina budi kusema na langu.

Nateremka. Nisubiri.

Nimerudi.

Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya tatu, ile yenye ubaridi, amejiegemeza ukutani na madaftari ya watoto mapajani, hasahihishi. Nikaketi ngazi ya chini yake. Nilimwambia yote, na sikupanga maneno, nilianza na ubani nikaishia na melimeli, kisha nikarudi nyuma nikamwambia kwamba nilijua. Aisha alikuwa nje anaruka kamba na wenzake, wanahesabu kwa sauti. Nilidhani atainuka atoke. Nilikwisha anza kufikiria nguo gani nichukue niende nazo Majengo.

Akasema, "Nalimuona."

Nikamwambia, "Ulimuona nani?"

"Mama. Nalipita bafuni nikamuona anamimina taratibu, kitambaa kimetandwa juu ya kichupa. Nikamuuliza, wafanya nini? Akanambia, namtengezea mkeo kazi yake iwe nyepesi. Nikacheka. Nikenda zangu."

Kisha akasema, polepole sana, kwamba na ule wake aliuacha kwenye kopo dirishani mwa bafu tangu jioni, asubuhi akanimiminia wa juu. Chini palikuwa na mchanga, akasema, mchanga na kitu kama ute wa bamia, na uzi wa damu. Alikiona. Alikimwaga. Nikamuuliza kwa nini, Mbarak, kwa nini, wewe umesoma. Akasema, "Nalitaka uniambie safi."

Hakuniomba radhi kwa lile neno la mlangoni wala mimi sikumwomba kwa langu. Sijui kama tutaombana siku moja au itapita tu. Alinipa madaftari nimshikie, akajivuta na ukuta mpaka akasimama, uso umemgeuka rangi, akaniuliza kichupa kingine kiko wapi.

Sasa yuko bafuni. Mimi nimepanda kukwambia, maana nisingeweza kusimama mlangoni kumsikiliza. Maabara inafungwa saa kumi na moja. Nikipita njia ya mkato nitawahi, na nimekwisha mpigia daktari kutoka kibanda cha simu cha pale mtaani, kesho ndiyo siku yake ya kushuka. Amesema nimlete hata kabla ya jibu, na figo zote mbili zitapigwa picha, si moja. Naogopa picha ile kuliko kitu chochote. Ya kushoto najua ina nini. Ni ile ya kulia inayonikosesha pumzi, kwa sababu yako wewe ilikufa kimya, na sijui mwanao amekaa na ngapi.

Nimeitoboa siri yako, Mama, unisamehe. Nimeitoboa kwa mwanao tu na haitavuka kizingiti. Bi Rukia nitamwacha na kumbukumbu yake ya mtu msafi, kwa kuwa ulikuwa msafi kweli. Sikulaumu hata kidogo. Tulikuwa watatu nyumba hii, kila mmoja aliona kitu, na kila mmoja akamstahi mwenzake mpaka ukafika makaburini.

Nasikia komeo la bafu. Anapanda ngazi, anapumzika kila baada ya ngazi mbili, sikuwahi kumsikia hivyo. Lazima nivae koti.

Kwaheri, Mama. Nitakusomea yasini nikirudi, jibu likiwa zuri au baya. Nami nakuahidi jambo moja, na wewe ndiye shahidi wangu: mwanao sitamstahi. Ikiwa ni jiwe nitamwambia ni jiwe, leo hii hii, nikimtazama machoni, hata asiponipenda tena kwa kumwambia.

Mkaza mwanao,
Mishi